Wasomaji Wauliza: Simu Imebeba Kazi, Kikao Kibaki na Nini?

Barua za mwezi huu zinafuatana kama watu wa nyumba moja. Karibu zote zinahusu simu, intaneti, na watu waliokuwa wakionana ambao siku hizi wanasomana tu. Tumezifupisha na kuacha majina ya waandishi.

Mimi ni katibu wa chama cha akina mama 24 hapa Kayole, Nairobi. Zamani tulikutana kila Jumapili ya pili ya mwezi, kila mmoja na elfu moja yake mkononi. Tangu tuhamie M-Pesa na grupu la WhatsApp, wanaokuja ni wanane au tisa. Nikiwauliza wananijibu, "Katibu, si nimetuma pesa?" Tena mikopo imeanza kulala. Turudie pesa taslimu?
*Katibu, Kayole*

Hapana, Mama Katibu, msirudie. Mweka hazina akisubiri matatu Jumapili jioni na sh24,000 mkobani anatafutiwa balaa bure, na rekodi ya M-Pesa haina ubishi wa "mimi nililipa, daftari limekosea". Lakini hao wanaokuuliza "si nimetuma pesa?" wana haki yao. Kikao chenu kilikuwa na kazi moja kubwa, kupokea pesa, na kazi hiyo simu imeichukua. Mtu mwenye siku moja ya kupumzika kwa wiki hatapanda matatu kwenda kusikiliza jambo alilolisoma kwenye grupu Ijumaa. Kikao kipeni kazi ambayo simu haiiwezi.

Kazi hiyo mnayo tayari, nayo ni mikopo. Angalieni vyama vinavyokopeshana mezani: fedha iliyoingia hutoka siku ile ile, mbele ya wote. Mkopaji anasimama, anataja kiasi, anasema ni cha nini na atarudisha lini. Wadhamini wake wawili wanainua mikono huku wenzao wote wakiwatazama. Ahadi ya namna hiyo ndiyo inayolipa deni, kuliko hata riba. Kwenye grupu mambo ni mengine. Ombi linatumwa saa nne usiku, kumi na wawili wanaweka kidole gumba, waliobaki wamenyamaza, na hakuna ajuaye kama kimya hicho ni kukubali, kukataa, au bando limeisha. Aliyedhamini kwa kubonyeza kitufe hajioni amemdhamini mtu. Mikopo yenu inalala kwa sababu hiyo.

Basi fanyeni hivi. Mchango uingie kabla ya Ijumaa kuisha, kwenye akaunti ya chama yenye watia sahihi watatu, wala si kwenye laini ya mweka hazina. Jumamosi atoe taarifa ya akaunti, na Jumapili isomwe kwa sauti, jina kwa jina, kiasi kwa kiasi. Kwa watu 24 haitazidi dakika kumi. Isitumwe kwenye grupu kabla ya kusomwa, maana mkiituma mapema mmewapa watu sababu nyingine ya kubaki nyumbani. Mkopo wowote uombwe na kuidhinishwa kikaoni tu, mkopaji na wadhamini wote wawili wakiwepo. Wekeni pembeni mfuko mdogo wa dharura, tuseme sh10,000, ambao viongozi watatu wanaweza kuutoa kwa simu kisha wauelezee kikaoni. Msipouweka, sheria itavunjwa siku mtoto wa kwanza atakapolazwa. Mkiuweka bila kikomo, kila karo ya shule itageuka dharura.

Akidi iwe thuluthi mbili, yaani wanachama 16, na mkutano usizidi saa moja na nusu. Chai iletwe mwishoni. Ikija mwanzoni watu huinywa, ajenda ikaisha, wakaondoka. Ikija mwishoni ndipo utasikia nani mumewe ameachishwa kazi na nani anahitaji miezi miwili zaidi, habari ambazo hakuna anayeziandika mbele ya watu 24.

Grupu lenyewe lifanyeni ubao wa matangazo: gusa jina lake juu ya skrini, nenda kwenye ruhusa za grupu, zima ile inayowaruhusu wanachama wote kutuma ujumbe. Hatua hii ina kasoro moja inayojirudia kila mahali: wanachama huanzisha grupu la pembeni lisilo na viongozi, na maneno yote yakahamia huko. Lifungueni basi kuanzia Jumapili jioni hadi Jumatatu usiku, watu waseme watakayo. Uchaguzi wa viongozi msiufanye kwa kura ya WhatsApp, kwa kuwa kwa kawaida huonyesha nani amechagua nini. Vikaratasi 24 na sufuria yenye kifuniko vinatosha.

Sheria hizi zote ziandikwe kwenye katiba ya chama. Kama bado hamjajisajili, Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya mwaka 2022 inahitaji watu wasiopungua kumi, kwa hiyo idadi mnayo.

Ploti yetu hapa Pipeline ina vyumba 64, lakini grupu lina watu 90, wengine walishahama. Ni maji, stima na takataka tu. Juzi mtu aliweka picha ya kijana akidai ameiba viatu kwenye ngazi, kumbe ni mgeni wa watu wa gorofa ya sita. Hizi grupu zinatuleta pamoja au zinatugombanisha?
*Mpangaji wa gorofa ya tano*

Tuanze na picha, kwa sababu hilo halingoji. Nairobi neno "mwizi" limeshaua watu ambao hawakuiba kitu, na picha kwenye grupu la watu 90 ni neno hilo hilo lililopewa mbio. Msimamizi wa grupu anaweza kuufuta ujumbe kwa wote: aubonyeze bila kuachia, achague kufuta. Lakini nakala zilizokwisha kusambazwa au kupigwa picha ya skrini hazifutiki, kwa hiyo dakika za mwanzo ndizo zenye maana. Wekeni kanuni moja: picha ya mtu haiwekwi. Anayeshuku ampigie keateka, yaani msimamizi wa ploti, watu wawili wateremke, wamuulize mgeni kwa adabu, "Umekuja kwa nani?" Swali hilo lingemaliza habari ya viatu bila mtu kuaibika. Aliyeweka picha ajue pia kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na ile ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018, na kijana yule akitaka kushtaki ana pa kuanzia. Kuomba radhi kwenye grupu lile lile ni nafuu zaidi.

Sasa swali lako lenyewe. Kuna utafiti wa zamani kidogo ambao bado unafaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtaa mpya ulijengwa pembeni mwa Toronto, Kanada, nyumba zikawekewa intaneti ya kasi na njia ya majirani kuandikiana wote kwa pamoja. Baadhi ya nyumba zilikosa kuunganishwa, hivyo wataalamu wawili wa elimu ya jamii, Keith Hampton na Barry Wellman, wakapata kulinganisha. Waliounganishwa walijua majina ya majirani wapatao 25, wasiounganishwa wanane. Waliounganishwa walifikia hata kuungana dhidi ya mjenzi wa nyumba zao.

Msikimbilie kusema basi intaneti ni dawa. Mtandao ule ulikuwa wa majirani peke yao, na kila aliyeandika aliweza kutembea hadi mlangoni kwa aliyemsoma. Grupu lenu lina watu wasioishi hapo tena, na wengi waliomo ni namba tupu zisizo na jina.

Lisafisheni. Keateka ana orodha ya wanaolipa kodi. Kila mwezi baada ya tarehe 10, waliohama watolewe, waliohamia waingizwe na kukaribishwa kwa jina. Kila mtu ajitambulishe kwa jina analoitwa na gorofa yake, basi. Namba ya mlango isiandikwe, hasa kwa wanaoishi peke yao.

Kisha tafuteni kazi moja ya mikono kila mwezi. Taa za ngazi ni mwanzo mzuri: sh50 kwa kila chumba ni sh3,200, zinanunua balbu na chenji inabaki. Mwezi unaofuata iwe kuosha tangi, unaofuata kuzibua mtaro. Kutaneni juu ya paa Jumapili saa kumi jioni, saa ambayo watu tayari wako huko wakianua nguo. Anayekunja shuka hukubali kumsikiliza jirani kwa dakika 20, lakini ukimwambia aje mkutanoni atakuuliza ajenda. Jambo moja kwa siku moja. Mkichanganya tangi, takataka na muziki wa gorofa ya tatu, mtashuka mmegombana na balbu hazijanunuliwa.

Mkimaliza, picha ya taa zikiwaka ndiyo ya kuwekwa kwenye grupu. Waliotuma hamsini zao bila kupanda juu wataziona, na safari ijayo wengine watapanda. Wote hawatapanda, wakija 15 mshukuruni Mungu.

Mwenzangu kazini amefiwa na mama. Nimetuma sh500 kwenye paybill na kuandika "pole sana" kwenye grupu. Nimemaliza?
*South B*

Umeanza. Mchango wa simu umesaidia sana, maana gharama za mochari huongezeka kila siku na zamani kamati ilikaa jioni baada ya jioni ikisubiri watu wafike na bahasha. Lakini jioni zile mfiwa alikuwa na watu sebuleni. Paybill imefupisha mikutano, na sebule ikabaki tupu.

Mpigie, usimwandikie. Saa mbili usiku ni saa nzuri, dakika tano zinatosha. Kama huwezi kwenda mazishini mashambani, nenda kwake kabla ya msafara kuondoka, ukiwa na mkate, sukari na maziwa. Ziara inayokumbukwa kuliko zote ni ile ya wiki ya tatu baada ya mazishi, grupu likiwa limeshafungwa na wageni wamekwisha.

Nina vijana wawili, miaka 14 na 17. Mezani kila mmoja ameinamia simu. Nikizima Wi-Fi wananunua bando. Nilizizuia simu zao kwenye ruta, baada ya siku mbili wakarudi hewani. Wanapitia wapi?
*Baba, Buruburu*

Wanapitia mlango ambao watengenezaji wa simu wameuacha wazi, tena kwa nia njema. Kila kifaa kina namba yake ya utambulisho ambayo ruta huitumia kukijua. Tangu Android 10 na iOS 14, simu huonyesha namba ya kubuni badala ya ile halisi, ili wafanyabiashara wasiifuatilie kutoka Wi-Fi moja hadi nyingine. Kijana akienda kwenye mipangilio ya Wi-Fi akabadilisha chaguo hilo, ruta yako inaona kifaa kipya ambacho hujakizuia. Kazi ya nusu dakika.

Geuza utaratibu. Usizuie vifaa vyao, bali tengeneza mtandao wa pili wa wageni, uwape huo peke yake, na uuwekee saa. Fungua kivinjari, andika namba iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, ingia, tafuta mtandao wa wageni, kisha ratiba. Uzime kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu usiku, na tena saa nne na nusu hadi asubuhi. Badilisha nywila ya Wi-Fi yako na ile ya kuingilia kwenye ruta, kwa maana zilizobandikwa chini wameshazisoma. Ruta nyingine ndogo hazina ratiba. Hapo swichi ya ukutani ndiyo ratiba.

Bando hutaliweza kwa ruta, na ukiendelea na vita vya mitambo kijana wa miaka 17 atakushinda. Linalobaki ni kanuni ya nyumba: dakika 40 za chakula cha jioni, simu zote zimechomekwa chaji sebuleni, na yako ikiwemo. Tunasisitiza yako, kwa kuwa kanuni hii huvunjwa kwanza na mzazi mwenye "simu moja tu ya kazi". Mwenye zamu ya hospitali aache simu yake ilie kwa sauti, chumba kingine.

Faida yake usiitarajie kubwa kupita kiasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia walichapisha mwaka 2018 jaribio la watu zaidi ya 300 waliokula pamoja, wengine simu zikiwa mezani, wengine zimewekwa kando. Wenye simu mezani walifurahia mlo pungufu kidogo kuliko wenzao. Ni tofauti ndogo, lakini wewe unaila kila siku.

Jambo ambalo wazazi hawalitegemei ni ukimya. Simu zikiondoka, wiki ya kwanza mtasikia vijiko tu, na baba wengi hapo huanza kuuliza kuhusu mitihani, meza ikawa mahojiano. Wahi kabla ya mlo: wa miaka 14 asukume chapati, wa 17 awe kwenye kikaango. Mikono yenye unga haishiki simu, na mtu akiwa na kazi huongea bila kuulizwa. Mkifika mezani maneno yameshaanza.

Nafanya kazi ya mtandaoni nyumbani, kuandika maneno ya sauti zilizorekodiwa. Chakula naagiza, maji naletewa, burudani ni simu. Wiki inapita sijaongea ana kwa ana ila na boda anayeleta chakula. Mtandaoni nina marafiki 2,000. Ninakosa nini?
*Roysambu, miaka 26*

Unakosa watu wa kati, wale ambao si rafiki wala si mgeni: muuza mboga, kinyozi, mzee wa kiti cha nyuma kanisani. Programu za kuagiza huwaondoa hao kwanza, na hakuna anayewalilia kwa sababu hakuna aliyewahesabu. Mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika mwaka 1973 kwamba watu aliowachunguza waliopata kazi kupitia mtu, wengi waliambiwa na mtu wanayemwona mara chache, si na rafiki wa karibu. Sababu yake ni rahisi: rafiki zako wanajua unayoyajua. Muuza mboga anajua ya mtaa mzima.

Acha kuagiza chakula cha mchana. Nenda kibanda kimoja, saa ile ile, siku tano kwa wiki, ukae kwenye benchi, usifungashe. Ukibadilisha kibanda kila siku hakuna atakayekuzoea. Ukivaa spika za masikioni umekaa nyumbani ila umevaa viatu. Usiulize maswali mengi, salamu na bei ya nyanya zinatosha mwanzoni.

Rafiki wa kweli anataka muda, na muda huo umekadiriwa. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 kwamba kutoka kujuana hadi urafiki wa kawaida ni kama saa 50 za kuwa pamoja, na urafiki wa ndani hupita saa 200. Kwaya au timu ya mpira inayokutana saa mbili kwa wiki inakufikisha kwenye 50 baada ya wiki 25, karibu nusu mwaka. Kwa hiyo ukiacha baada ya wiki nne ukisema "hakuna aliyenijali", umejitoa mapema mno. Chagua kitu chenye watu wale wale na kazi ya kufanya. Sherehe za kukutanisha wageni kila mara kwa sura mpya hukurudisha sifuri.

Wala usidhani uko peke yako katika hili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke. Ukiona usingizi na hamu ya chakula vinakwenda kwa wiki kadhaa, hilo si la kibanda tena, muone daktari.

Sawa, tukutane. Lakini wapi Nairobi unaweza kukaa na watu kumi bila kulazimika kununua kahawa ya sh300?
*Katikati ya jiji*

Bustani ya Jeevanjee Gardens, ukipenda mabishano: ndiko Bunge la Mwananchi, baraza la wazi la wananchi wa kawaida, hukaa kujadili siasa, na mgeni haulizwi kitambulisho ili aongee. Kwa mkutano wenye ajenda hapafai, mtamezwa na mjadala wa jirani. Upande wa Eastlands kuna maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan, ambazo zimekarabatiwa na zina shughuli za jamii mbali na vitabu. Ulizeni mapema kama kuna chumba cha kuzungumzia, kwa kuwa ukumbi wa kusomea hautawavumilia. Darasa la shule ya msingi Jumamosi mchana na ukumbi wa kanisa kati ya ibada hupatikana kwa mchango mdogo wa usafi.

Popote mtakapoomba, andikeni barua wiki mbili kabla: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu, jina la atakayerudisha ufunguo. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Ahadi ya mdomo na ujumbe wa WhatsApp kwa karani haitoshi, kwa sababu Jumamosi harusi ikiingia ukumbi ule ule, mwenye muhuri ndiye anayebaki na viti.